Maji Yanakwenda Wapi

"Linachemsha," alisema Nyamizi,
hata salamu hajamaliza kuitikia.
Aliizima pikapu nje ya gereji yangu, hapa Sikonge,
nayo ikaendelea kuguna yenyewe, gu, gu, gu,
kama mtu aliyekatizwa akiwa bado na la kusema.

Nikamwambia, usifungue.
Mfuniko wa rejeta si mlango wa jikoni.
Alama hii mkononi, tazama,
niliipata nikiwa na miaka kumi na tisa na haraka.
Tukakaa. Gari la zamani
halihojiwi likiwa na hasira.

Lini? nikauliza.
Ukisimama au ukikimbia?
"Nikikimbia. Nikitoka Ipole na ndoo za asali
mshale unapanda. Nikipunguza mwendo unashuka kidogo, hautulii.
Kila asubuhi naongeza lita mbili.
Chini halidondoki hata tone."

Basi maji yanakwenda wapi?

Hilo ndilo swali. Mengine ni kelele.
Fundi mmoja wa Tabora mjini alishamwambia: gasketi,
hedi ikachongwe, laki saba.
Na laki saba ni mizinga mingapi
alikuwa akihesabu bado; nilimwona vidole.

Nilianza na vya bei ndogo.
Mkanda wa feni nikaubonyeza kwa dole gumba: umekaza.
Wota pampu: kavu, haichezi.
Themostati nikaitoa, nikavuka nayo barabara
hadi kwa Mama Sijaona, nikaitumbukiza
katika maji yake ya ugali.
Alinitazama kama niliyemtupia chura.
Sufuria ikaanza kuimba, na ile chuma
ikafumbua mdomo polepole, nzima kabisa.
Maji yale aliyamwaga, akanidai ndoo nyingine. Haki yake.

Oili ilikuwa nyeusi. Ingekuwa rangi ya chai ya maziwa
ningevua kofia.
Kisha, limeshapoa, mfuniko wazi, nikaliwasha,
nikainama juu ya mdomo wa rejeta
kutafuta mapovu.

Likaja moja.

Nikasubiri la pili. Dakika tano, kumi,
Lugendo, kijana wangu, akikanyaga mafuta.
Halikuja.

Mfuniko wenyewe raba ilipasuka, springi imechoka:
maji yalikuwa yakitoroka kama mvuke, mwendo wa themanini,
bila kuacha ushahidi chini.
Sawa. Lakini kwa nini yachemke?

Lugendo ndiye aliyepiga magoti mbele.
"Fundi, njoo na tochi."

Upande wa feni, nilikokuwa nikitazama mimi, pasafi.
Upande huu, nyuma ya grili,
nyuki.
Nyuki wakavu, safu juu ya safu,
wamebanana na mbegu za nyasi
hata sindano ya hewa isipite.
Usiku wa kurina Nyamizi huacha taa zikiwaka
apate kuona anachokikata.
Wao hufuata taa.

Tukawatoa kwa brashi na maji, kutoka nyuma kuja mbele.
Naye aliinama pamoja nasi, hasemi kitu.
Walijaa kopo zima la rangi.
Lugendo alitaka kuwamwaga jalalani; akamnyang'anya kopo,
akaliweka kwenye kiti cha abiria.

Mfuniko mpya, elfu kumi na mbili.
Nenda Ipole, urudi, nikasema.
Mshale ukivuka nusu, simama, nipigie.
"Na ile laki saba?"
Bado, nikasema,
nikaona neno hilo halitoshi,
nikamwambia na lile povu moja.

Alinisikiliza kama anayesomewa majibu ya damu.
Akafunga mlango mara mbili; mara ya kwanza huwa haushiki.

Simu nimeiweka juu ya benchi, kioo juu,
mbali na grisi.
Saa kumi na robo.
Kwa hesabu yangu angekuwa ameshafika.