Daftari la Bryn Glas

Kabla hawajaja, uvumi ulikuwa wangu peke yangu.
Miaka mitatu Llanerfyn iliutafuna kama mua:
kwamba mimi ni mwana wa mfalme aliyepinduliwa,
kwamba nyuma ya duka la dawa la mzee Pugh
nasaga mifupa pamoja na aspirini.
Natoka Tabora. Baba alikuwa karani wa reli.
Hakuna aliyeuliza.

Aprili, sabini na tatu, basi bovu la rangi ya haradali
lilipanda mlima hadi shamba la Bryn Glas,
likashusha watu kumi na tisa, mbuzi,
na kinanda kisicho na miguu.
Wanaume nywele mabegani, wanawake mabuti ya jeshi.
Wakafunga lango kwa kamba,
na kamba ikaudhi watu kuliko kufuli.

Alianza Bi Prosser wa posta, au Ifor muuza makaa,
nani ajuaye. Uvumi hauna mama, una wakunga tu.

    Walala chumba kimoja, mke wa huyu wa yule,
    Hula mizizi pamoja, na uyoga wa vilele,
    Usiku hujenga hoja, na pepo wa siku zile,
    Kitoto cha siku moja, kimezikwa pale pale.

Tazama ulivyokaa vizuri kwenye vina.
Nilicheka nao. Ndiyo mara ya kwanza kuitwa
karibu na moto, baa ya Simba Mwekundu.
Walininunulia bia; niliishika tu,
ikapata joto mkononi.

Novemba akashuka msichana wao, Rowena,
vidole vimepasuka kwa baridi,
akanunua chupa sita za dawa ya kifua,
akalipa kwa sarafu ndogondogo zenye udongo.
Jioni ile, ili nisiondolewe pale motoni,
nikasema: chupa sita.
Sita. Sikuongeza hata moja.
Zilipofika kanisani zilikuwa sitini.

    Kasumba iko jikoni, yachemka kama uji,
    Huja magari gizani, yaleta wanunuaji,
    Fedha wafukia chini, kwenye kisima cha maji,
    Polisi wafanya nini? Vyaharibika vijiji!

Polisi walikuja na mbwa wanne.
Walichana magodoro, wakamwaga unga kwenye theluji,
na theluji ikaupokea bila kubadilika rangi.
Walikuta watoto watano wana kifaduro,
wakikohoa hadi midomo ikawa zambarau.
Kilichochemka jikoni ni maji, kwa ajili ya mvuke.

Kabla ya Krismasi wakahama, usiku,
basi likisukumwa hadi barabara kuu.
Ifor alisema aliwahesabu watoto dirishani: wanne.
Sijui. Kulikuwa na giza, na Ifor ni Ifor.
Huo nao ni uvumi,
na ndio pekee ninaouogopa.

Siku ya mnada kijiji kizima kilipanda mlima
kutafuta ushahidi. Vijiko thelathini na kimoja.
Meza ndefu. Ratiba ya kuosha vyombo,
pembeni imeandikwa kwa hasira: Jolyon, zamu yako, TENA.
Nikanunua daftari la kijani kwa peni hamsini.

Humo walikuwa wametuandika sisi.
Bi Prosser hufungua barua kwa mvuke wa birika.
Ifor hulowesha makaa yaongezeke uzito.
Mchungaji hukaa garini mwake analia,
kila Jumanne, karibu na daraja.
Nilifurahi, nakiri. Kumbe nao wana midomo.

Ukurasa wa mwisho, penseli, herufi zimekwaruza
kama zimeandikwa na vidole vinavyouma:

Yule wa duka la dawa hasemi ya watu.
Mtoto akizidiwa, mpelekeni kwake.

Nimeihesabu mizani yake mara nyingi.
Haitimii.