Nondo ya Nane

Nyumba yetu ipo Ngamiani, barabara ya kumi na nne,
ile yenye kibaraza kinachoupa msikiti ubavu,
na juu ya kibaraza zege bapa kama meza,
na juu ya zege nondo nane zimesimama wima
tangu mwaka themanini na sita,
zikingoja ghorofa.

Baba ndiye aliyelimwaga, na vijana wa zamu yake kiwandani.
"Leo kibaraza," alisema, "mwakani chumba cha juu.
Mwanamkuu ataanika kanga zake jirani na upepo."
Huo mwakani ukafika, kiwanda kikapunguza watu.
Ukafika mwingine, tukaanza shule wote watatu.
Nondo zikashika kutu, zikawa za kunguru.

Hakuliwekea mteremko.
Sakafu ya chumba, nani huiweka mteremko?
Basi masika kwa masika maji yalikuja yakalala,
kunguru wakaoga, viluwiluwi wakahitimu kuwa mbu,
mwaka mmoja mpapai ukaota, ukafika magotini,
na mama akakataza kuung'oa:
"Uacheni. Angalau kuna anayeishi juu."

Kipande cha kwanza kilianguka alfajiri,
kikubwa kama boflo, pale pale anapokaaga Bi Mishi
akija kudai pesa yake ya mkaa.
Mama hakusema neno. Alisogeza kiti.
Cha pili kilipoanguka alisogeza tena,
hata ikafika mahali kiti hakina pa kwenda
ila barabarani.

Nikamleta fundi Semhando, na Hizza wa kubeba.
Semhando akaligonga kwa mpini wa nyundo,
akatega sikio kama anayechagua nazi sokoni.
"Limeoza," akasema. "Na kosa si la saruji.
Maji ukiyatandikia kitanda, yatalala.
Tuweke bati, geji ishirini na nane,
ukutani juu, barabarani chini, yapite yaende zao."

Mama akauliza jambo moja tu:
"Na ghorofa?"

Semhando akanitazama mimi.
Mimi nikaitazama penseli iliyo sikioni mwake.

Siku tatu za nyundo.
Mirunda ikalishika tumbo zege lisije likashuka kwa pamoja,
vumbi likafika hadi kwenye chai ya majirani.
Juu kabisa, chini ya kuvu, tukakuta alama ya kiganja,
vidole vitano, kimoja kifupi;
mashine ilikila kabla sijazaliwa.
Semhando akapiga pembeni yake, pembeni yake,
mpaka kiganja kikabaki peke yake kama kisiwa,
na jioni nacho kikaja chini.
Hakuna namna.

Nondo zilikatwa kwa msumeno wa chuma.
Kila iliyokatika ilidondoka sakafuni, ting,
na mama, huko ndani, akasema moja, akasema mbili,
kama anayepokea vyombo vilivyotoka shughulini.
Mnunuzi wa chuma chakavu akaja na mizani yake.
Akapima saba.

Ya nane ipo dirishani mwa mama,
imepakwa rangi nyeupe, imebeba pazia,
pazia refu kupita dirisha, linaburura chini,
maana alilinunua zamani, kwa duka la Mhindi,
kwa kipimo cha dirisha la juu.
Mimi sikujua. Hakuna kati yetu aliyejua.

Kisha papi, kisha mbao mbili kwa nne,
kisha misumari yenye kofia, na gata ya kuazima ngazi ya jirani.
Nisikuchoshe: lililomwagwa kwa miezi sita
lilibadilishwa kwa juma moja.

Vuli ilianza usiku.
Zege lilikuwa bubu; bati linapayuka.
Maji yakashuka kwenye gata, yakajaza ndoo, yakahamia pipani.
Mama akatoka na kiti chake, gizani,
akakirudisha mahali pake pa kwanza,
akainua uso, akapaza sauti ili nimsikie:

"Makelele gani haya!
Utadhani kuna watu wanahamia."