Miezi Tisa

Fomu iliuliza: malighafi?
Nikaandika: udongo wa Kitangari.
Iliuliza: mlipaji wa ada?
Nikaandika: korosho, malipo ya pili,
yasipochelewa.

Stashahada ya uzamili, miezi tisa.
Wifi yangu alicheka: "Miezi tisa wenzio wanazaa."
Nina arobaini na mbili,
na rundo la madaftari ya darasa la sita
halijasahihishwa.

Chuoni wakasema: eleza kazi yako.
Huu ufa unasema nini?
Nikaueleza kurasa kumi na nne.
Nikapata A.
Sikutaja kwamba nilianika juani saa saba
kwa kuogopa tarehe ya kukabidhi.

Nimerudi Newala na bahasha ya kaki.
Somoe, tuliyefinyanga naye tangu utoto,
aliyeachia shule darasa la nne,
anayekizunguka chungu kwa miguu yake
maana chungu hakimzunguki mtu,
amekishika kile cha mtihani,
amekigonga kwa ukucha,
akatega sikio.

"Hakijaiva. Kirudishe."

"Chuoni?"

"Motoni, wewe."

Kesho Jumamosi.
Kuni anazo.