Bawaba Mia Sita na Arobaini na Nane

Mtaa wetu unaitwa Gerezani, na utani wake tulishauzoea:
asubuhi natoka Mbagala naenda Gerezani,
jioni natoka Gerezani nimebeba mkate.
Leo hakuna aliyeutania.

Zabuni ililetwa na kijana wa mkandarasi mkuu,
kurasa kumi na tisa, zimebanwa kwa pini yenye kutu.
Bosi wake kapewa jengo zima na jeshi;
sisi anatugawia milango.
Mimi ndiye mshika daftari wa ushirika, nikasoma kwa sauti
juu ya kelele za grenda ya jirani:
mlango wa chuma, bati la milimita tatu.
Komeo upande wa nje tu.
Kidirisha cha sahani, sentimita thelathini kwa kumi na mbili,
kifuniko kifunguliwe kutoka nje.
Bawaba: mia sita na arobaini na nane.

Pazi akasema, chuma ni chuma.
Nani humu hajachomelea nondo za madirisha ya Sinza,
Tabata, Kimara? Mji mzima umelala ndani ya kazi yetu
na unatushukuru.
Akasema, asilimia thelathini mkononi kabla ya kuwasha mashine.
Akasema, luku inasoma yuniti nne.
Akasema, mkono mtupu haulambwi.

"Na uliojaa," akauliza Tuntufye, "haunuki?"

Hapo ndipo baraza likaanza.
Ngwale alitaka kujua kazi ilitangazwa gazeti gani,
siku gani, na walioshindwa ni akina nani.
Kijana akatabasamu: mambo ya ulinzi, mzee, hayatangazwi.
Shomvi akasema mpwa wake ni koplo,
alilewa lindoni, akafungiwa juma moja, akatoka na adabu;
mahabusu ya jeshi ni ya wanajeshi, nyie kinawawasha nini?
Mwingine akasema tukikataa watapewa watu wa Keko,
na milango itafungwa vilevile, ila bawaba zitalia.
Tukacheka kidogo.
Fundi hucheka kazi mbovu hata ya kuwazia.

Mimi, kwa mazoea, nilikuwa nagawanya.
Bawaba tatu kila mlango:
milango mia mbili na kumi na sita.
Nikarudi ukurasa wa kwanza. Barua inasema vyumba ishirini na vinne.
Nikarudia kwa kalamu, nikarudia kwa simu.
"Makoplo walevi mia mbili?" nikauliza.
Shomvi akatazama viatu vyake.
Kijana akasema idadi ni makosa ya uchapaji.
Basi tupunguze?
Akasema, msipunguze.

Mlango wa mfano ulisimama ndani ya fremu katikati ya karakana,
rangi ya kwanza bado mbichi.
Sikudhani mama lishe akafika na chakula cha mchana,
akakiona kile kidirisha,
akasukuma sahani ya wali maharage: "Haya, mahabusu, pokea!"
Sahani ikapita sawasawa. Mchuzi haukumwagika.
Aliyekuwa upande wa pili ni Pazi.
Akainama amjibu utani
akakuta uso haupiti, hata nusu,
ila jicho moja na kipande cha pua,
na sisi wa huku tukaliona jicho lile
likizunguka, likitutafuta nani ni nani.

Hilo sikuliandika.
Niliandika: waliokubali saba, waliokataa sita.
Tuntufye hakupiga kura, alikuwa anaifungasha miwani yake
ya kuchomelea ndani ya soksi.
Kura ya saba ilikuwa yangu.
Nadaiwa kodi ya miezi miwili, na mwenye nyumba
haulizi pesa imetoka mlango gani.

Jioni nilitoka Gerezani nimebeba mkate.
Watoto walipolala nilichukua rula ya Kidawa
kwenye mkoba wake wa shule, nikaupima.
Kimo, sentimita kumi na moja.
Ungepita.