Mbuzi Hakuandikwa

Mkasi ulifungwa kitambaa cha hariri ya buluu
usije ukadhaniwa ni chombo cha kazi.
Babu alikata wa kwanza: shungi moja, baraka moja,
noti moja ndani ya mfuko wa kitani.
Halafu shangazi. Halafu jirani aliyekuja kwa pikipiki,
vumbi la nyika bado limelala kopeni.
Nomindari, miaka minne,
akazungushwa hemani kama jua, mkono hadi mkono,
na kila kituo peremende ya maziwa.

Mimi nilikaa upande wa wageni,
nimetoka Ulaanbaatar na lenzi mbili na bahasha ya fomu.
Mama yake, Dulamsuren, alisaini kwa kalamu yangu
bila kusoma; mikono ilikuwa na unga.
Nami sikumsomea.
"Piga," akasema. "Piga tu, mdogo wangu."

Kisha mwanambuzi akaingia,
akaitwaa peremende kutoka vidoleni mwa mtoto,
akatoka nayo.
Basi! Kilio kilichotoka pale!
Nusu kichwa kipara, nusu nywele za kuzaliwa nazo,
chozi limesita shavuni,
na mwanga wa tundu la paa ukalidaka
na mimi nikapiga.

Kupiga. Neno gani hili tumelizoea?
Ngoma hupigwa, chuma hupigwa, mwizi hupigwa,
na uso wa mtoto hupigwa
wala hakuna anayeuliza panauma wapi.

Mhariri aliipa jina: *Kilio cha Nyika*.
Chini yake, kwa herufi ndogo,
jina la mtoto, jina la bonde, jina la kisima.
Wenye huruma wakalia miji ya mbali.
Nikapewa tuzo, bonge la kioo;
siku hizi linazuia mlango wa stoo usijifunge.
Mbuzi hakuandikwa.

Miaka kumi na miwili.
Nilimkuta likizo, ametoka bweni, msichana mrefu
mwenye suka linalofika kiunoni.
Akaitazama picha kama mtu anayetazama koti lake
mwilini mwa mtu mwingine.
"Alikuja mwanamume," akasema, "kwa gari jeupe.
Aliuliza kisima. Akauliza yule mtoto anayelia.
Buti la gari limejaa midoli.
Mama alifunga mlango kwa kamba ya farasi.
Sisi hatufungi milango."

Nikasema: mama yako alikubali.
"Mama alikubali nywele," akasema.
"Za uso hakuulizwa.
Na mimi je?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na fomu,
ile ile, ina alama ya kidole cha unga.

Nimeishusha kila nilipofikia.
Zilizobaki ni kama mbigili katika manyoya ya kondoo:
unatoa moja, unagusa tatu.

Majuzi ilikuwa zamu ya mdogo wake, miaka mitano.
Nomindari alisimama mlangoni na masharti yake, hana karatasi:
"Mikono, piga. Mkasi, piga. Babu anapenda, mpige.
Bonde usilitaje.
Yeye muulize mwenyewe, chuchumaa kwanza,
na akigeuka, hilo ndilo jibu."

Nikachuchumaa. Magoti yakalia.
Mtoto akanitazama, shavu limevimba peremende,
akafikiri kwa muda mrefu kama hakimu.
"Hapana," akasema.
Kamera ikarudi mfukoni, nikapewa mkasi;
nilikata shungi jembamba, nikakosa maneno ya baraka,
nikasema tu: kua.

Ninatoka, akanivuta koti.
"Yule," akanong'ona, "mpige yule."

Ipo ukutani kwangu, picha pekee ya siku ile:
mbuzi mlangoni, ndevu zina sukari,
ananikazia macho
kana kwamba amesoma fomu yote
na hajaamua.