Rayya Asijue

Gari nimelitoa likalale nje, juani,
liungue rangi likitaka.
Ndani nimebaki na meza ya Suud,
randa zake tatu, msumeno wake wa duara
na tyubulaiti moja katikati ya dari
inayopepesa kama jicho lililoingia mchanga.

Chini ya taa ile meno ya msumeno
huonekana yamesimama, kumbe yanakwenda mbio.
Suud alidanganyika mara moja tu.
Ncha ya kidole ikabaki kwenye unga wa mbao,
na miaka kumi na mmoja iliyofuata
alitoa shahada kwa kidole kifupi.

Na mimi, taa ikiwa nyuma ya kisogo,
kila nikiinama kupiga mstari wa penseli
kichwa changu hutangulia kuufunika.
Nikadhani ni macho.
Daktari akasema mtoto wa jicho yupo,
lakini bado mchanga, hata hajatambaa.
"Mama, washa taa."

Basi nikenda Wadi Kabiri, saa nne asubuhi,
Julai, joto limeshapita arubaini.
Sajivan akanipangia taa kaunta nzima,
akiziwasha moja moja kama mtu anayeonjesha halwa.
Hii elfu tatu: manjano, rangi ya samli,
nzuri kwa kibaraza na kwa mwenye kuficha umri.
Hii elfu sita na nusu. Nikatazama mikono yangu,
imekuwa ya samawati.
Rangi hiyo naijua, nimekosha maiti wa kutosha.
"Nipe ya elfu nne."
Nikatoa mkobani kipande cha mkunazi
nikakipitisha chini yake:
wekundu ukarudi, mishipa ikajitokeza
kama shingo ya mtu anayekaribia kusema.
Sajivan akacheka. Wateja huleta pesa,
wewe waniletea ukuni.

"Na isipepese," nikamwambia.
Akaielekezea kamera ya simu, maana kamera
huona ambalo jicho limeshalisamehe.
Ya kwanza ilitoa michirizi, punda milia mtupu.
Ya pili, kimya.

Nilinunua nne.
Mbili kushoto mwa meza, mbili kulia,
mbele kidogo ya pale kichwa kinapofika,
kivuli cha mkono huu kifutwe na taa ya upande ule.
Zahor, mtoto wa dada yangu, ndiye aliyepanda ngazi.
Akataka kuzipanga katikati, zipendeze.
Zipendeze sebuleni kwa mama yako, nikamjibu.

Adhana ya magharibi ilipokwisha akabonyeza swichi.

Yarabi, vumbi!
Tandabui, na patasi niliyoapa kuwa kaiiba Zahor,
na zile mbuzi mbili za kukunia nazi,
za mwisho, alizoahidiwa Bi Thuwaiba wa Khoud.
Mguu mmoja mfupi, umezibwa kwa nta.
Hakuwa fundi kama tulivyomsifu matangani.

Na ukutani, pale zilipoegemea mbao,
penseli. Mwandiko wake wa kulala.
Vipimo vya mlango wa jikoni,
simu ya mwuza mbao wa Barka,
hesabu ya kitu aliyoikata mara mbili,
kisha, chini kabisa, karibu na sakafu:
*Msumeno, riali mia na arubaini. Rayya asijue.*

Aliniambia sitini.
Miaka kumi na minne nawahadithia watu
jinsi mume wangu ajuavyo kupatana bei.

Nikakaa juu ya mbuzi, ikayumba,
nikacheka mpaka Zahor akaniletea maji,
na kwa namna alivyonikabidhi gilasi
nikajua sikuwa nacheka tu.

Alipoondoka nikapiga magoti, nikashika penseli.
Hakuna kivuli kilichonizuia.
Nikaandika chini ya mstari wake, herufi kubwa:
*Taa nne, riali thelathini na nane.*

Zilikuwa hamsini na mbili.