Marahaba ya Jiwe

Nimetoka lindo saa kumi na mbili,
rungu nikamwachia mwenzangu wa mchana,
macho nimerudi nayo, yamejaa mchanga.
Mama yake keshashuka Mwaloni kuwahi dagaa,
kaniachia mtoto, kikombe cha uji chenye kifuniko,
na agizo moja: asichezee maji.

Basi twende bustanini, mimi na Limi,
miaka mitatu na miezi anayoikataa,
kiatu cha kulia mguu wa kushoto,
cha kushoto kikamfuata mwenzake.
Nilimwambia. Akasema viatu vimetaka vyenyewe.

Wiki hii amefundishwa shikamoo
na haimkai mdomoni.
Shikamoo kwa Mama Kasubi anayefagia majani:
"Marahaba, mwanangu, umeamkaje?"
Shikamoo kwa mbwa.
Shikamoo kwa bomba linalovuja,
kwa bembea iliyoungwa kwa waya.

Halafu jiwe.

Unayajua mawe ya mji huu,
moja limekalia jingine
kama mizigo ya mtu aliyekuwa akihama
akaitwa ghafla, hakurudi.
Hili la bustanini ni kubwa kuliko chumba chetu,
mgongoni lina mavi meupe ya ndege
na rangi iliyopauka: NAKUPENDA RETI.
Limi alipiga goti mbele yake.
Shikamoo.
Kimya.
Shikamoo!
Akanigeukia, mdomo wa chini umeanza kucheza,
maana salamu isiyoitikiwa ni deni
na mtu mzima pale nilikuwa mimi.
Nikaishusha sauti hadi tumboni,
nikaitikia kwa niaba ya itale:
Maaa-raaa-haaa-ba.

Hapo nikawa nimejiajiri upya, bila mshahara.
Niliitikia kwa niaba ya kopo, ya mti, ya ziwa lote
mpaka ng'ambo nisikokuona.
Mjusi wa kichwa chekundu hakunihitaji,
aliitikia mwenyewe kwa kichwa, mara nne.
Pimbi walikimbia. "Hawana adabu," Limi alisema.
Kivuko kilipopiga honi kabla hajafungua kinywa
alisimama wima, akakijibu yeye:
"Marahaba!"

Nikaketi kwenye benchi.
Kuketi ndiko kulikoniponza.

Usiku kucha nimelinda misumari ya watu,
mabati, makufuli, ndoo za rangi,
sikufumba hata jicho moja.
Cha kwangu nikakisinzilia.

Nilipozinduka, kikombe kilikuwa peke yake,
uji umemwagika, sisimizi wamekwisha kupanga foleni.
Kiatu kimoja kwenye nyasi.
Cha pili karibu na maji.
Ziwa lilikuwa limetulia,
na utulivu ule sikuupenda.
Niliita, jina likatoka vipande.
Mama Kasubi alisimamisha ufagio.
Korongo aliyekuwa ufukweni alijivuta pembeni
kama mtu asiyetaka kuulizwa kitu.

Ndipo nikasikia, nyuma ya jiwe,
sauti nene iliyolazimishwa kuwa nene,
ikikwaruza koo dogo:
Maaa-raaa-haaa-ba.

Alikuwa amechuchumaa kwenye upenyo,
pekupeku, magoti yana vumbi,
anawajibu shomoro waliokuwa wakilia juu.
"Shii," akaniambia. "Jiwe limelala.
Mimi nimelishikia zamu."
Kisha, kwa huruma ambayo sikustahili:
"Na wewe pia nimekushikia."

Sikuwa na neno.
Nilivitafuta viatu, nikamvisha,
cha kulia kulia, cha kushoto kushoto,
akavivua, akavibadilisha.
Nikamwacha.

Langoni alimsalimia tena Mama Kasubi
kana kwamba ni siku nyingine,
na mama yule akaitika, naye kana kwamba ni siku nyingine,
ila alinitazama mimi muda mrefu.

Habari ya uji nitasema tulikunywa.
Hayo mengine bado sijui.
Nilimbeba mgongoni hadi nyumbani.
Alikataa, alisema yeye mkubwa.
Nilimbeba.